SPN 100, 102 na 3509 zote zina FMI 4: kabla hujaagiza kompyuta, tafuta nani anaangusha volti 5

Swali: Shikamoo fundi. Niko saiti ya barabara huku Mbeya, nina ekskaveta ya tani 33, injini ni Cummins ya umeme siyo ile ya pampu ya zamani. Wiki ya tatu sasa taa ya njano inawaka alafu injini inaishiwa nguvu, moshi hamna, kwenye kioo inaandika SPN 100 FMI 4 na SPN 102 FMI 4, kuna na nyingine SPN 3509 FMI 4 ila hiyo inakuja na kupotea. Nimebadilisha sensa ya presha ya oili mara mbili, ya pili nimenunua orijino kabisa, bado. Asubuhi inaweza isilete, ukianza kutembea nayo kwenye mawe ndo inaleta. Kuna fundi kasema kompyuta imekufa tuagize. Tajiri ananiangalia mimi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa mwambie tajiri asitume hela ya kompyuta leo wala kesho. Kompyuta inaweza kufa, sikatai, ila kwa maelezo uliyoandika hapo juu yenyewe ni mtu wa mwisho wa kumshuku, na jibu lako karibu lote umeshaliandika mwenyewe bila kujua, ile kodi ya tatu uliyoitaja kama nyongeza, "kuna na nyingine". Hiyo nyingine ndo yenyewe. Hizo mbili za mbele zinapiga kelele tu kwa sababu ya hiyo.

(Na kodi ninayosema hapa siyo ya TRA, ni ile namba ya hitilafu. Kuna operata aliwahi kunipigia simu usiku ananiambia "fundi mtambo unadai kodi", nikakaa dakika nzima nawaza kafanya nini huyu.)

Sasa tuelewane kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka. Kodi haikwambii spea gani ununue. Kodi inakwambia kompyuta imeona nini kwenye waya wake, basi, haioni zaidi ya hapo. Yenyewe imefungiwa kwenye kiboksi pembeni ya injini, haina macho, inachojua ni volti zinazoingia kwenye pini zake. Kwa hiyo ikiandika SPN 100 (SPN ni namba ya mbele, inataja ni kitu gani kinaongelewa) haijasema "sensa ya presha ya oili ni mbovu", imesema "kwenye ule waya unaoniletea habari za presha ya oili kuna kitu". Kitu gani? Hicho kinasemwa na namba ya pili, FMI, na hiyo namba ya pili ndo watu hawaisomi kabisa, wakishaona 100 wanakimbilia dukani.

Chukua hiyo hiyo SPN 100, presha ya oili. Ikija na FMI 3 maana yake volti kwenye waya wa habari ziko juu kuliko inavyowezekana. Ikija na FMI 4 volti ziko chini kuliko inavyowezekana. Hizo zote mbili ni habari za umeme, waya, plagi au sensa, oili yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Lakini SPN 100 hiyo hiyo ikija na FMI 18, au mbaya zaidi FMI 1, hapo kompyuta inakwambia sensa naiamini, waya nauamini, na ninachokisoma ni kwamba presha ya oili imeshuka kweli. Namba ya mbele ni moja, ugonjwa mbingu na ardhi. Hapo mwisho ukijifanya unatafuta waya huku injini inanguruma utakuja kuokota beringi za krenki kwenye sampu. Ukiona FMI 1 au 18 kwenye presha ya oili unazima, unaangalia oili kwa dipstiki, alafu unafunga geji ya mkono ya kupimia presha upate ukweli bila kumuuliza kompyuta. Nimeona mtu kachomoa plagi ya sensa ili kelele iishe aendelee kumwaga kifusi. Kelele iliisha kweli, na injini nayo ikaisha.

Nyingine kwa haraka haraka mana hutakosa kukutana nazo. FMI 0, 15 na 16 ni kitu kimezidi kweli, mfano SPN 110 ambayo ni joto la maji ya injini, ikija na 16 au 0 nenda kwenye rejeta na feni, siyo kwenye waya. FMI 2 ni habari zinazorukaruka, haziaminiki. FMI 5 na 6 hizo ni za mkondo, waya umekatika au una shoti, utazikuta zaidi kwenye injekta na solenoidi kuliko kwenye sensa za presha. FMI 7 ni kitu cha kimakanika hakiitikii amri. FMI 8 utaiona kwenye sensa za spidi ya injini. Hizi namba ni za utaratibu wa SAE J1939 kwa hiyo mitambo mingi inazitumia sawa, ukizijua hapo umejua na kwenye Volvo na kwenye mitambo mingi ya Mchina. Komatsu wao wanaandika kivyao, mfano PC200-8 itakuandikia CA352, lakini injini ya PC200-8 ni ndugu wa damu wa Cummins QSB6.7 na hiyo 352 ni ile ile 352 ya Cummins, yaani volti za kulisha sensa namba moja zimeshuka. Caterpillar nyingi za kitambo kidogo zinaandika 262-4. Majina tofauti, ugonjwa mmoja, na ni huo huo ulionao wewe kwa jina la SPN 3509 FMI 4.

Haya, huo ugonjwa wenyewe ni upi.

Sensa ya presha ina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, huo ndo chakula chake. Wa pili ni wa kurudisha, wengi wanauita athi ya sensa ingawa hutakiwi kuufunga kwenye bodi. Wa tatu ndo unapeleka habari. Sensa inachukua volti 5 inakatakata kidogo kulingana na presha, inarudisha kitu kama nusu volti ikiwa hakuna presha mpaka volti 4 na nusu hivi presha ikiwa imejaa. Kompyuta inajua hiyo mipaka, ndo mana ikiona volti 0 au volti 5 kamili inajua hapa hakuna presha yoyote duniani inayotoa hiyo namba, hii ni hitilafu ya umeme, inakuandikia 4 au 3.

Sasa hizo volti 5 kompyuta haitoi waya wake mwenyewe kwa kila sensa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Inalisha kundi. Umewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye luku moja? Mpangaji wa chumba cha nyuma akichomeka jiko la umeme bovu, breka inaruka, nyumba nzima giza, na wewe uliyekuwa unaangalia taarifa ya habari huna kosa lolote. TV yako siyo mbovu. Ndivyo ilivyo hapo kwako. SPN 100 ni presha ya oili, SPN 102 ni presha ya hewa inayoingia kwenye injini kutoka kwenye tabo (tabochaja), SPN 3509 ni luku yenyewe. Kuna mtu katika kundi hilo ameigusisha volti 5 na bodi au na waya wa kurudisha, kompyuta ikajikinga ikashusha, sensa zote za kundi zikakosa chakula, habari zao zikashuka chini ya mpaka, FMI 4, FMI 4, FMI 4. Ukibadilisha sensa ya oili mara mbili ni kama umenunua TV mbili.

Na nguvu zinaisha kwa sababu ya hiyo 102. Kompyuta isipojua tabo inasukuma hewa kiasi gani inaogopa kumwaga dizeli, inabana. Ndo mana moshi huoni, dizeli inapunguzwa makusudi. Ungekuwa na moshi mweusi pamoja na kukosa nguvu ningekwambia tuanze na hozi za hewa na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo.

Unaniuliza mbona 3509 inakuja na kupotea na zile mbili zinabaki? Baadhi ya kodi haziondoki kwenye kioo mpaka uzime swichi na kuwasha tena, nyingine zinajifuta zenyewe tatizo likikaa pembeni. Kwa hiyo usizipe cheo kwa muda zinaokaa kwenye kioo. Ukiweza kuingia kwenye kumbukumbu angalia ipi ilianza, saa ya mtambo ilikuwa ngapi, na imetokea mara ngapi. Nakuwekea kamari yangu hapa, utakuta mara 3509 ilipoandikwa na wale wengine wameandikwa kwenye saa hiyo hiyo.

Na ulivyosema inaleta ukitembea kwenye mawe, asubuhi imetulia, hapo umenisaidia sana. Kompyuta iliyokufa haichagui barabara. Kitu kinachochagua mawe ni waya uliochubuka unaocheza.

Sasa kazi. Unahitaji mita ya dijitali nzuri, siyo taa ya kupimia, taa ya kupimia iache kwenye boksi kabisa, inavuta mkondo mwingi unaweza kweli ukaiua hiyo kompyuta na hapo yule fundi mwenzetu atakuwa amesema kweli. Unahitaji na mchoro wa umeme wa injini hiyo kwa serial namba yake, usikopeshwe mchoro wa injini nyingine ati zinafanana, pini zinahama. Mchoro utakuonyesha kundi la 3509 lina sensa zipi, zinaweza kuwa zaidi ya hizo mbili. Kwenye kupima sensa na waya injini imezimwa muda wote, swichi tu ndo unawasha. Na ukikuta kwenye mchoro sensa ya presha ya reli ya dizeli iko kwenye kundi, unachomoa plagi tu, usiguse bomba wala nati yoyote ya kule, mle ndani injini ikifanya kazi inapita bar 1,000 na dizeli ya presha hiyo inaingia mwilini kama sindano.

Kabla hata ya sensa pima betri. Mtambo ni volti 24, ikiwa imelala uone 25 hivi, ikiwaka alteneta ipandishe mpaka 27 na nusu, 28. Angalia na athi za betri na za injini, zikaze. Hii ni dakika tano na inaondoa ujinga mwingi, betri ikiwa hoi kompyuta inaandika kodi za ajabu ajabu ambazo hazina kichwa wala miguu.

Chomoa plagi ya sensa ya oili, washa swichi, pima kwenye plagi upande wa hanesi (lile fungu la waya za injini) kati ya pini ya volti 5 na pini ya kurudisha. Unataka 5, ikicheza 4.8 mpaka 5.2 sina ugomvi nayo. Tahadhari hapa: usisukumizie ncha nene ya mita ndani ya pini jike. Inapanuka, ukirudisha plagi haishiki tena vizuri, umeondoka na tatizo moja umeacha mawili. Tafuta pini dume ya saizi ile ile uishikishe, au waya mwembamba. Na usitoboe ganda la waya kwa sindano, kile kitundu ndo mlango wa maji, miezi sita baadae waya umekuwa unga wa kijani.

Ukikuta 5 imesimama, bado hujamaliza, mana lako ni la kuja na kuondoka. Acha mita imekaa hapo, mita nyingi zina kitufe cha kukamata namba ya chini kabisa iliyopita, ibonyeze, alafu mwambie msaidizi aanze kuishika hanesi kwa mkono kuanzia kwenye kompyuta, anaivuta kidogo, anaikunja kidogo, anaitikisa, anasogea sentimita 20, anarudia. Taratibu. Wewe macho kwenye mita. Ikishuka hata kwa kupepesa jicho mwambie simama hapo hapo usiachie.

Ukikuta imeshuka na imekaa, mfano unasoma volti moja au sifuri na pointi, mungu amekupenda, ugonjwa umekaa kitini unakusubiri. Anza kuchomoa sensa za kundi hilo moja moja, swichi ikiwa imewashwa mita ikiwa pale pale. Ukichomoa fulani volti zikaruka kurudi 5, umempata mwenye jiko bovu, ni sensa hiyo yenyewe ina shoti ndani. Kioo kitakuandikia kodi nyingine za hizo sensa ulizochomoa, zisikutishe, hiyo ni haki yake, umemnyang'anya sensa.

Umechomoa zote na volti bado ziko chini? Basi mwizi hayuko kwenye sensa, yuko kwenye waya. Zima swichi, toa betri, chomoa plagi kubwa ya hanesi kwenye kompyuta, hamisha mita kwenye omu, pima kati ya waya wa volti 5 na bodi ya injini. Sensa zote nje, kompyuta nje, hapo huo waya hautakiwi kuwa na undugu na mtu yeyote, mita isome hakuna njia kabisa. Ikikupa omu mbili tatu, au hata mia na kitu, waya umegusa mahali. Pima pia kati ya huo waya na jirani zake kwenye plagi hiyo hiyo, mana kuna wakati unagusa waya mwenzake na siyo bodi.

Na kompyuta? Inakuja hapa, mwisho wa foleni. Waya umepimwa mzima, sensa zote nje, toa pini ya volti 5 peke yake kwenye ile plagi kubwa (ina kilimi kidogo cha kuibana, ibembeleze usiivunje), rudisha plagi, washa swichi. Kama 3509 FMI 4 bado inaandika wakati hakuna hata waya mmoja uliofungwa kwenye pini yake, haya, sasa tajiri atoe hela. Kabla ya hapo hapana.

Nakwambia kwa ukali kidogo kwa sababu hili limenitokea na nina aibu nalo. Miaka yangu ya mwanzo kwenye umeme wa mitambo niliitwa kwenye loda moja ya machimbo ya kokoto, kodi za kundi kama hizi zako, na mimi nikiwa na laptopu mpya na kiburi kipya nikamwambia mwenye mtambo kompyuta. Akaniamini, akaagiza. Ilikaa wiki kadhaa njiani, ikaja, nikaifunga, ikawaka vizuri, nikapewa na soda. Siku ya pili loda imeanza kupakia, kodi zile zile. Nilirudi nikalala chini ya ule mtambo na tochi mdomoni karibu siku nzima. Nyuma ya alteneta kulikuwa na breketi ndogo ya kushikia hanesi, bolti yake haipo, mtu aliitoa alipokuwa anabadilisha alteneta hakuirudisha. Hanesi imelala juu ya ukingo wa chuma, ukiiangalia kwa juu iko safi kabisa hata vumbi lake limekaa vizuri, nikaigeuza. Kwa chini ule mfereji wa plastiki umelika mstari mwembamba, na ndani ya mstari kuna kidoa cha shaba kinang'aa, kidogo kama punje ya ulezi. Kwenye ukingo wa chuma nako rangi imetoka mahali padogo hivyo hivyo, pamepauka. Injini ikiwa imetulia haigusi. Loda ikibamiza ndoo kwenye lundo, inagusa. Kompyuta ya zamani ilikuwa nzima. Gharama niliilipa kidogo kidogo kwa kazi, na haki yake.

Kwa hiyo kwako wewe, kabla hata ya mita, mchukue msaidizi mwenye macho mazuri muifuate hanesi kwa mkono kuanzia kwenye kompyuta mpaka kwenye sensa ya mwisho. Nyuma ya alteneta. Inapopita juu ya stata. Kwenye kona za kava ya valvu. Karibu na tabo na ekzosti, pale plastiki inakauka inakuwa kama chipsi, ukiishika inavunjika. Kila klempu iliyokosa bolti iangalie mara mbili. Uliza nani alifanya kazi ya mwisho kwenye injini hiyo na alifungua nini, hili swali limenitatulia kazi nyingi kuliko laptopu. Uliza kama kuna mtu alichomelea ndoo au jino bila kutoa waya za betri. Uliza lini mtambo ulioshwa kwa mashine ya presha, mana vijana wanapenda kuelekeza maji kwenye plagi ili ing'ae. Na huko Mbeya mtambo ukilala nje na baridi ile panya wanakuja kulala juu ya injini ya moto na kabla ya kulala wanakula.

Ukipata palipochubuka, usisokote waya mbili na kuzungushia tepu nyeusi. Najua ndivyo wanavyofanya wengi na mtambo unaondoka, lakini injini inatetemeka siku nzima, msokoto unalegea, na tepu ikipata joto inakuwa gundi. Kata sehemu mbovu, lehemu au bana kwa kiungio kizuri, vaa ule mpira wa kupasha moto ukanywea wenye gundi ndani, rudisha kwenye mfereji, alafu rudisha breketi na bolti yake. Ukisahau bolti nitakuona tena mwezi wa sita. Kama waya zilizoumia ni zile mbili zilizosokotana za mawasiliano ya mtambo usizinyooshe, ule msokoto una kazi yake. Ukizipima omu betri imetolewa unatakiwa upate 60 hivi, ukipata 120 kuna kizuizi kimoja cha mwisho wa laini hakipo au waya umekatika njiani.

Hizo sensa mbili ulizotoa usizitupe. Ile ya kwanza kabisa iliyokuja na mtambo huenda ni nzima na ni bora kuliko hiyo ya katikati uliyonunua. Sensa feki zimejaa na kwa macho hutazitofautisha, boksi linafanana mpaka hologramu, ila kuna njia ya kuzikamata bila vifaa vingi. Fungua ukurasa wa vipimo kwenye kioo, swichi imewashwa, injini haijawashwa. Presha ya oili lazima isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma kitu wakati injini imelala usingizi, sensa inadanganya. Presha ya hewa ya kuingia, kama mtambo wako unaonyesha presha kamili, lazima ilingane na hewa ya mahali ulipo, na hapa watu wanajichanganya, wanasoma kitabu kinasema 100 hivi wao wanaona 82 wanasema sensa mbovu. Wewe uko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe huko ni kama kilopaskali 82, Dar ndo utaona 101. Sensa iko sawa, ni milima. Kama kioo chako kinaonyesha presha ya tabo tu basi injini ikiwa imezimwa kiwe sifuri.

Za joto ni rahisi zaidi. Mtambo ukilala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji, joto la hewa ya kuingia na joto la dizeli zote zinatakiwa ziwe karibu karibu, mana injini nzima imepoa mpaka imelingana na hewa. Ukikuta mbili zinasema 14 na moja inasema 41, huyo wa 41 mtoe. Na sensa za joto zenye waya mbili zina kipimo chake kizuri cha kienyeji: chomoa plagi, kodi inatakiwa iwe FMI 3 na kioo kionyeshe baridi ya ajabu, unganisha zile pini mbili za plagi kwa kipande cha waya, inatakiwa igeuke FMI 4 na joto la ajabu. Ikifanya hivyo waya na kompyuta ni wazima, badilisha sensa. Isipogeuka, hata ukinunua sensa kumi ni bure. Ila hiki cha kuunganisha ni cha sensa za waya mbili za joto tu, usije ukaunganisha volti 5 na waya wa kurudisha kwenye hiyo ya oili, utatengeneza kwa mkono wako ule ule ugonjwa tunaoutafuta.

Kuhusu yule fundi wa kompyuta usigombane naye, mnaweza mkawa pamoja saiti mwaka mzima. Mwambie tu tunapima volti 5 kwanza, aje ashike upande mmoja wa hanesi.

Ukimaliza nitumie vitu vitatu: namba ya volti uliyopata kwenye plagi ya sensa ya oili ikiwa imetulia, namba ya chini kabisa mita iliyoikamata wakati msaidizi anatikisa, na picha ya hanesi nyuma ya alteneta, upande wa chini siyo wa juu, kabla hujaizungushia kitu chochote.